Mazungumzo Baada ya Habari: Mti Usio na Mizizi

Mtu akisimama Gihosha wakati wa jioni, jua likielekea kuzama nyuma ya milima ya Kongo, huuona mji wa Bujumbura umetandazwa chini yake, na mbele ya mji huyaona maji ya Ziwa Tanganyika. Akitega sikio husikia kelele za watoto, kwa maana kila penye uwazi, hata ukiwa mdogo kama ua wa nyumba, pana mpira unaopigwa teke. Jambo asiloliona wala kulisikia ni kriketi: hakuna gongo bapa la mbao, hakuna vijiti vitatu vilivyosimikwa ardhini, hakuna mzee aliyevaa koti jeupe akiamua nani ametoka na nani amebaki.

Lakini ng'ambo ya mipaka ya Burundi, Nairobi na Kampala, Dar es Salaam na hata Kigali, mchezo huo unajulikana, una viwanja, na una historia ndefu yenye fahari na yenye majonzi. Historia hiyo yafaa isimuliwe hapa, ingawa wengi wa wasikilizaji hawajapata kuushika mpira wa kriketi, kwa kuwa ndani yake limo fundisho linalogusa kila mchezo, na huenda linagusa kila kazi ambayo taifa huianza kwa shangwe.

Kwanza, kwa nini kriketi haikuota Burundi? Jawabu halipatikani katika miguu wala mikono ya Warundi, bali katika ramani iliyochorwa na wageni. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa chini ya mtawala mmoja, Mjerumani. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, na baada ya vita washindi wakagawana mali ya aliyeshindwa. Tanganyika ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Burundi na Rwanda zikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Mwingereza, popote alipokwenda, alipanda bendera, akajenga klabu, na kando ya klabu akasawazisha uwanja wa kriketi. Mbelgiji hakuwa na mchezo huo kwao, basi hakuwa nao wa kuuleta. Ziwa likawa moja, watu wa kando zake wakabaki ndugu na majirani, lakini michezo yao ikatengana kwa kalamu ya watu waliokaa Ulaya.

Waasia wenye maduka walifika Usumbura kama walivyofika Mombasa na Kampala, na mtaa wa Asiatique ni ushahidi hadi hivi leo. Hata hivyo mchezo hauishi kwa sababu wapo watu wachache wanaoupenda. Huishi pale penye klabu, uwanja, shule na mashindano ya kila mwaka. Hayo hayakujengwa hapa.

Kwa Kenya mambo yalikwenda vingine. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, ulioanza mwaka 1896 na kumalizika mwaka 1901, ulileta maelfu ya watu kutoka Bara Hindi, na wengi wao au watoto wao wakabaki. Waingereza wenyewe, yaani maofisa wa serikali kwa upande mmoja na walowezi kwa upande wa pili, walianza mwaka 1910 kupambana kila mwaka katika mechi ya siku tatu. Mwaka 1933 yakaanza mapambano ya kila mwaka kati ya Wazungu na Waasia. Timu ya Kenya na ya Uganda zilikuwa zimekwisha kukutana tangu mwaka 1914, na mwaka 1951 Kenya ikaanza kukutana na Tanganyika.

Msikilizaji atatambua mara moja kasoro iliyokuwamo. Mashindano hayo yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika, mwenye nchi, alikuwa pembeni ya uwanja. Alikata majani, alibeba vifaa, aliokota mpira uliovuka mpaka. Klabu zilikuwa za Wazungu, au za Waismailia, au za Makalasinga, au za Wagoa. Kila jamii ilijenga uta wake. Hata hivyo wapo Wahindi wa Kenya waliokataa kuukubali ubaguzi kuwa sheria ya mchezo: mwaka 1956 timu ya Waasia wa Kenya ilikwenda Afrika Kusini kucheza na wale walionyimwa na makaburu nafasi ya kuiwakilisha nchi yao, na mwaka 1958 wenzao hao walikuja Afrika Mashariki chini ya nahodha Basil D'Oliveira, mtu ambaye miaka kumi baadaye jina lake lilitikisa siasa za michezo duniani.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kueleza jambo ambalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Katika kriketi kuna mechi za namna mbalimbali. Ziko zinazokwisha kwa saa tatu, na ziko zinazokwisha kwa siku moja. Juu ya hizo kuna kriketi inayoitwa ya daraja la kwanza. Hiyo huchezwa kwa siku tatu, au nne, au zaidi, na kila timu, yenye watu kumi na mmoja, hupewa zamu mbili za kupiga. Mpigaji hana haraka; kazi yake ni kuvumilia, kukaa mbele ya vijiti vyake asubuhi nzima, mchana kutwa, akiuacha mpira mbaya na kuuadhibu ule unaostahili. Mrushaji naye hufanya kazi kama mkulima: leo ardhi ni ngumu, kesho imepasuka, keshokutwa mpira unaruka visivyotazamiwa, naye lazima ajifunze kuitumia kila hali.

Nchi zilizosimama imara katika mchezo huu zilijenga mashindano ya ndani ya daraja la kwanza. Uingereza ina mashindano ya majimbo yake tangu mwaka 1890. Australia ilianza ya kwake katika msimu wa 1892 na 1893. India ilianzisha Kombe la Ranji mwaka 1934, ikiwa bado chini ya mkoloni. Visiwa vya Karibi, ambavyo kila kimoja ni kidogo kuliko mikoa mingi ya Afrika, viliungana mwaka 1966 katika mashindano yaliyoitwa kwanza Shell Shield, na Barbados ikawa bingwa wa kwanza. Mashindano kama hayo ndiyo ghala la taifa. Timu ya taifa huenda ghalani kuchukua. Asiyejaza ghala, siku ya njaa huingia na kikapu akatoka na kikapu kile kile kitupu.

Je, Afrika Mashariki ilikuwa na ghala hilo? Ilikuwa na mbegu. Nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zambia, zilikuwa zikikutana katika mashindano yao, na zilikuwa na timu moja ya pamoja iliyoitwa Afrika Mashariki, iliyopokelewa katika baraza la kriketi la dunia mwaka 1966. Mechi za daraja la kwanza zilizochezwa katika ardhi hii zilikuwa za kuhesabika. Katika msimu wa 1963 na 1964 wageni kutoka Uingereza walicheza moja katika uwanja wa Lugogo, Kampala, na mwaka 1967 timu ya India ilicheza nyingine Kampala ikitoka Ulaya. Wageni walikuja, wakacheza, wakaondoka. Mashindano ya kudumu ya daraja la kwanza baina ya nchi hizi hayakuundwa.

Mwaka 1975 Kombe la Dunia la kwanza lilipochezwa Uingereza, timu ya Afrika Mashariki ilialikwa chini ya nahodha Harilal Shah. Katika timu hiyo walikuwamo watu wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Miongoni mwao John Nagenda, mwandishi wa Uganda, na Sam Walusimbi. Ilicheza mechi tatu, na New Zealand, na India, na Uingereza, ikashindwa zote. New Zealand pekee, kwa mkono wa mpigaji mmoja, Glenn Turner, ilipata mikimbio 171 bila mtu huyo kutolewa. Aibu haikuwa ya wachezaji. Waliokwenda walikuwa watu wa kazi nyingine waliokuwa wakicheza mwisho wa juma, wakapambana na watu waliozoea kucheza siku tatu mfululizo, juma baada ya juma.

Wakati huo huo nyumba yenyewe ilikuwa inapasuka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda, na pamoja nao zikaondoka klabu, makocha na fedha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika: shirika la reli likagawanywa, shirika la ndege likagawanywa, mipaka ikafungwa. Kriketi ilijikongoja miaka michache, kisha nayo ikafuata. Mwaka 1981 Kenya ikaingia katika baraza la dunia peke yake. Ndugu watatu waliolima shamba moja wakagawana majembe.

Kenya ilipobaki peke yake haikulala. Vijana wa Kiafrika waliokulia karibu na viwanja vya Nairobi, wale ambao baba zao walikuwa wakitazama kutoka nje ya uzio, sasa walikuwa ndani. Wakatokea kina Tikolo, kina Odumbe, na baadaye kina Obuya, ndugu kwa ndugu, nyumba moja ikitoa wachezaji watatu wa taifa. Tarehe 29 Februari 1996, katika mji wa Pune nchini India, Kenya ilikutana na West Indies, timu iliyopata kuwa mfalme wa mchezo huu. Kenya ikatolewa yote kwa mikimbio 166, na watu wakadhani mambo yamekwisha. Lakini West Indies nao wakatolewa wote kwa 93 tu. Nahodha Maurice Odumbe alichukua wiketi tatu kwa mikimbio 15. Mwaka 1998 ikaja zamu ya India kushindwa na Kenya katika mji wa Gwalior.

Kisha ukaja mwaka 2003. Kombe la Dunia lilichezwa Afrika Kusini, na baadhi ya mechi zikachezwa Zimbabwe na Kenya. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi bila kutoa jasho. Wenye kejeli wakasema huo ni ushindi wa mezani. Kejeli zao zilinyamazishwa tarehe 24 Februari, pale Nairobi Gymkhana, Sri Lanka, bingwa wa dunia wa mwaka 1996, ilipofukuzia mikimbio 210 ikaishia 157. Collins Obuya, mrushaji wa mpira wa kupinda, aliwatoa wapigaji watano kwa mikimbio 24. Kenya ikaishinda Bangladesh, ikaishinda Zimbabwe, ikafika nusu fainali. Tarehe 20 Machi mjini Durban India ikaizuia kwa tofauti ya mikimbio 91. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na nchi isiyocheza kriketi ya siku tano ya mataifa iliyopata kufika hatua hiyo.

Ilikuwa furaha kubwa, na furaha ya haki. Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Swali lililopaswa kuulizwa siku ile ile, ngoma zikiwa bado zinalia, ni hili: Kenya iliundwa wapi? Steve Tikolo, nahodha wa mwaka 2003, aliwahi kuchezea timu ya jimbo la Border huko Afrika Kusini ili apate kriketi ya siku nyingi. Collins Obuya, baada ya sifa zake, alichukuliwa na Warwickshire ya Uingereza. Nyumbani kwao palikuwa na ligi ya klabu za Nairobi na michezo ya Mombasa, yaani mechi za siku moja za mwisho wa juma. Mashindano ya majimbo ya daraja la kwanza hayakuwapo. Mti ulikuwa umezaa matunda, nao umepandwa ndani ya chungu.

Waliojua mchezo waliliona jambo hilo, na dawa ikatafutwa. Ikapatikana dawa ya ajabu kidogo: kwa kuwa Kenya haina mashindano ya ndani, basi iazimwe ya wenzake. Hivyo ndivyo timu ya taifa ya Kenya ilivyovuka bahari mwanzoni mwa mwaka 2004 kwenda kucheza msimu mmoja wa mashindano ya ndani ya visiwa vya Karibi, yale yale yaliyoanza mwaka 1966, ambayo wakati huo yaliitwa Carib Beer Cup. Ikawekwa pamoja na Barbados, Jamaika, Guyana, Trinidad na Tobago, visiwa vya Leeward na vya Windward, na timu ya pili ya West Indies. Taifa zima la Afrika likakaa darasa moja na visiwa ambavyo vingine idadi ya watu wake haifikii ile ya mtaa mmoja mkubwa wa Nairobi.

Wasomaji wa matokeo watasema kwamba Barbados ndiyo iliyotwaa kombe msimu ule, na kwamba Kenya haikuwa miongoni mwa walioshindania hatua ya mwisho. Hayo ni kweli. Lakini thamani ya msimu ule haikuwa katika nafasi iliyoshikwa. Ilikuwa katika siku zilizochezwa. Juma baada ya juma wachezaji wa Kenya walipaswa kuamka asubuhi ya siku ya pili wakiwa na kazi waliyoiacha jana, kisha asubuhi ya siku ya tatu, kisha ya nne. Walikutana na wapigaji wasiochoka na warushaji wanaojua kungoja. Walijifunza kwamba saa moja nzuri haitoshi kushinda mechi, na kwamba saa moja mbaya haitoshi kuipoteza kwa mtu anayekataa kukata tamaa. Elimu hiyo haiuzwi sokoni. Hupatikana kwa kurudiarudia, na ndiyo sababu nchi nyingine huitoa kila mwaka kwa mamia ya vijana wake.

Hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki. Kenya ilipata msimu mmoja. Haikualikwa tena mwaka uliofuata, wala haikurudi nyumbani kujenga mashindano ya namna ile. Mgeni siku ya kwanza hupewa mchele na panza, lakini siku zikipita wahenga humwambia ashike jembe. Na Kenya ilipopaswa kushika jembe, jembe lilikuwa linagombaniwa. Mwaka ule ule wa 2004 wachezaji wakongwe waligoma wakidai mikataba na haki zao. Mwaka huo huo Odumbe alifungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na mtu wa kamari. Mwaka 2005 chama kilichokuwa kikiongoza kriketi kikaondolewa na chombo kipya kikaundwa. Mechi za kimataifa zikawa haba. Katika kombe jipya la nchi wanachama wadogo, lililoanza mwaka 2004 na ambalo mechi zake zilikuwa za daraja la kwanza, Kenya ilifika fainali mwaka 2005 mjini Windhoek ikashindwa na Ireland. Hilo lilionyesha kwamba uwezo bado ulikuwapo. Lakini mechi chache kwa mwaka, tena za timu ya taifa peke yake, haziwezi kuwa shule ya nchi nzima. Kumi na moja walicheza, maelfu walitazama, waliokuwa na umri wa miaka kumi na minane hawakuwa na mahali pa kujifunzia.

Wapo watakaosema kwamba fedha ndiyo iliyokosekana, na kwamba wakubwa wa mchezo huu duniani hawakutaka kumwona Mwafrika wa Nairobi akiketi mezani pao. Hoja hiyo ina ukweli wake, na si haki kuitupa. Ni rahisi kwa mwenye viwanja ishirini kumcheka mwenye viwanja viwili. Lakini na tutazame mfano wa Bangladesh. Mwaka 1997, katika fainali iliyochezwa Malaysia, Bangladesh na Kenya zilipambana hadi mpira wa mwisho kabisa, na Bangladesh ikashinda kwa mkimbio mmoja ulioibwa kwa mbio. Zilikuwa timu mbili zilizolingana kama mapacha. Bangladesh, nayo nchi maskini, ilianzisha ligi yake ya taifa ya siku nyingi katika msimu wa 1999 na 2000, na msimu uliofuata ikatambuliwa kuwa ya daraja la kwanza. Mwaka 2000 ikapokelewa katika daraja la juu la mataifa. Kenya nayo iliomba heshima hiyo, lakini hakuna aliyeipa. Ni kweli Bangladesh ilikuwa na watu wengi zaidi wanaoupenda mchezo, na soko kubwa zaidi. Ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi ilishindwa vibaya, na mwaka 2003 ilishindwa na Kenya yenyewe. Lakini ghala lilikuwa linajazwa. Mwaka 2007, katika Kombe la Dunia, Bangladesh iliishinda India. Mwaka 2011 Kenya ilishindwa mechi zake zote sita za Kombe la Dunia, na katika mojawapo ikatolewa yote kwa mikimbio 69. Mwaka 2014 ikapoteza haki yake ya kuhesabiwa miongoni mwa nchi zinazocheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Tangu nusu fainali ya Durban ilikuwa imepita miaka kumi na moja tu.

Jaribio moja la kurudi shambani kwa pamoja lilifanywa mwaka 2011. Kenya na Uganda zilianzisha mashindano ya Afrika Mashariki ya timu sita, nne za Kenya na mbili za Uganda. Yalikuwa ya mechi fupi, si ya daraja la kwanza, na hayakudumu miaka mingi. Lakini wazo lake lilikuwa sahihi, na lilikuwa la zamani: kwamba nchi moja ya ukanda huu peke yake ni ndogo mno kuujenga mchezo, na kwamba mto na ziwa havipaswi kuwa ukuta.

Na tuseme pia habari njema, maana historia si kilio tu. Uganda, iliyopoteza klabu zake mwaka 1972, iliuhifadhi mchezo mashuleni, katika shule kama Budo, Namilyango na Busoga College Mwiri. Mbegu ile iliyolindwa na walimu ilichelewa, lakini iliota. Mwezi Juni 2024 Uganda ilicheza Kombe la Dunia la mechi fupi kwa mara ya kwanza, ikaishinda Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, aliyeucheza mchezo huu tangu ujana wake, alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. Ushindi huo ulipatikana Guyana, katika eneo lile lile ambako Kenya ilikwenda kuazima msimu miaka ishirini nyuma.

Rwanda nayo inafaa kutazamwa kwa makini zaidi na Warundi, kwa kuwa historia yake ya ukoloni ni ile ile ya Burundi. Mbelgiji hakumwachia Mnyarwanda kriketi. Mchezo ulikuja na watu waliorejea kutoka Uganda, Kenya na Tanzania baada ya mwaka 1994. Wakaanzia Kicukiro, katika kiwanja kimoja. Mwaka 2016 nahodha wao, Eric Dusingizimana, alisimama akipiga mipira kwa saa 51 mfululizo ili kuchangisha fedha za kujenga uwanja, na mwaka 2017 uwanja wa Gahanga ukafunguliwa. Mwezi Januari 2023 wasichana wa Rwanda wenye umri chini ya miaka 19 wakawashinda wenzao wa Zimbabwe na wa West Indies katika Kombe la Dunia. Basi asiwepo wa kusema kwamba kalamu ya mwaka 1916 ndiyo iliyoandika kila kitu. Iliandika mwanzo tu.

Zambia, kwa upande wake, nchi iliyotoa wachezaji wa timu ya mwaka 1975, iliondolewa katika baraza la dunia mwaka 2021. Kwa hiyo hakuna kinachokuja chenyewe, na hakuna kinachobaki chenyewe.

Ndugu wasikilizaji, hadi mwaka 2024 Burundi haikuwa mwanachama wa baraza la kriketi la dunia, na mazungumzo haya hayakusudii kumlazimisha mtoto wa Gihosha auache mpira wake wa miguu akamate gongo. Kila taifa lina mapenzi yake. Lakini fundisho la msimu wa mwaka 2004 ni la Bujumbura kama lilivyo la Nairobi. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, na mji mzima ukawa na furaha. Mwaka 2019 Intamba mu Rugamba ilikwenda Misri, mara ya kwanza katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Ikacheza mechi tatu, ikashindwa zote, haikupata bao hata moja. Kwenda kulikuwa ushindi. Lakini baada ya shangwe ya kwenda, swali ni lile lile walilopaswa kujiuliza Wakenya: ligi ya nyumbani ina hali gani? Viwanja vya mikoani vinatunzwa na nani? Kijana wa miaka kumi na sita mwenye kipaji atacheza wapi Jumapili ijayo, na Jumapili itakayofuata?

Taifa linaweza kuazima kocha. Linaweza kuazima uwanja, hata likaazima msimu mzima wa watu wengine, kama Kenya ilivyofanya. Lakini kilichoazimwa hurudishwa. Siku kinaporudishwa ndipo hujulikana nani alikuwa analima na nani alikuwa anakula.

Tangu mwaka 2007 Burundi imo katika Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa kutoka katika majivu ya ile iliyovunjika mwaka 1977. Katika vikao vyake husemwa habari za forodha, barabara na reli, na ni haki zisemwe. Lakini Jumuiya huishi pia pale vijana wa nchi mbili wanapokutana uwanjani kila mwaka, katika mwezi unaojulikana, bila kungoja mwaliko wa mtu wa mbali. Mashindano madogo yanayorudi kila mwaka yana nguvu kuliko ushindi mkubwa unaokuja mara moja. Waliokuwa Durban mwaka 2003 wangeweza kulithibitisha hilo.

Jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, watoto wa Gihosha hurudi nyumbani na mpira wao kwapani, na kesho yake hurudi tena. Wao hawahitaji kufundishwa maana ya kurudi. Wanaopaswa kujifunza ni wale wenye mamlaka ya kuwawekea uwanja.